Pedali na kiatu ni jozi: nasaha kwa vijana wetu walioko Kitale na Bungoma

Kila mwaka vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu hupanda mabasi kuelekea magharibi mwa Kenya. Wako wanaokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma, wako wanaosomea ufundi Kitale, wako walimu walioajiriwa huko, na wako wafanyabiashara wa nguo na vyakula. Safari hii si ngeni kwa watu wa Pwani. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikifika kwa Nabongo Mumia tangu karne ya 19, na hadi leo ukiswali Ijumaa katika miji ile utakutana na majina unayoyajua.

Kijana akifika huko, kitu cha kwanza anachokihisi ni baridi. Cha pili ni baiskeli. Huku kwetu tumezoea kuiona baiskeli kwa muuza mikate na muuza maji. Kule inabeba mwalimu, mwanafunzi, gunia la mahindi, mitungi ya maziwa, na mgonjwa akipelekwa zahanati. Hata jina bodaboda lilizaliwa upande huo, mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, hasa baada ya serikali kuondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Hata hivyo baiskeli haikuondoka, kwa sababu haihitaji petroli.

Kwa hivyo kijana wetu naye hununua baiskeli. Atauliza bei, atatazama rangi, atajaribu breki, atapiga kengele. Pedali hazitazami, na kiatu hakimpiti hata akilini. Ataondoka na ndara zake zile zile alizotoka nazo Majengo au Bondeni. Leo nataka tuzungumze juu ya vitu hivyo viwili, pedali na kiatu, kwa sababu ndipo mwili wa mtu unapokutana na baiskeli, na ndipo ajali nyingi ndogo huanzia. Na ajali ndogo ikitokea kando ya lori haibaki kuwa ndogo.

Mguu unavyoteleza

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, kiasi cha mita 1,400. Maana yake, kutoka Kitale ukipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma unateremka takriban mita 500, na ukirudi unazipanda. Anayetoka Mombasa, ambako mwinuko mkubwa anaoujua ni wa daraja la Nyali, hajawahi kuulazimisha mguu wake kufanya kazi hiyo.

Juu ya hilo, mvua. Kule si kama kwetu ambako masika huja kisha yakaondoka. Kuanzia Machi au Aprili mvua huanza kunyesha, na mara nyingi huendelea kwa miezi, aghalabu wakati wa mchana au jioni, saa za watu kurudi nyumbani. Njia za vijijini ni za udongo, na udongo ukilowa hushika soli ya kiatu kama unga wa chapati unavyoshika vidole.

Mwendeshaji akifika kilimani husimama juu ya pedali. Hapo uzito wake wote, pamoja na nguvu anazovutia usukani, umekaa juu ya kipande cha mpira au plastiki kisichozidi upana wa kiganja. Soli ikiteleza, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Mguu unashuka chini bila kitu cha kuushika. Pedali, iliyoachiwa ghafla, inazunguka na kumpiga muundi. Na mwili unaangukia upande ule ule, ukiuvuta usukani pamoja nao. Kama kwenye keria kuna gunia au abiria, baiskeli haisimamiki tena.

Sasa fikiria hayo yakitokea katika barabara kuu ya Webuye kwenda Malaba. Hiyo ndiyo barabara inayotoka hapa kwetu. Kontena linaloshushwa Kilindini hupita Nairobi, Eldoret, Webuye na Bungoma likielekea Uganda na kwingineko. Ongeza matrekta ya miwa yanayoelekea kiwandani Nzoia. Mwenye baiskeli anabaki na ukingo mwembamba wa lami, na upepo wa lori peke yake unatosha kumyumbisha. Huyo akiteleza mguu kwa futi moja tu kuelekea kulia, hakuna dereva awezaye kusimamisha lori lililojaa.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ina kinga, na inauzwa dukani.

Pedali zinazopatikana

Katika maduka na kwa mafundi utakutana na aina kama nne hivi.

Ya kwanza ni pedali ya mpira, ile inayokuja na Black Mamba, baiskeli nyeusi nzito ya magurudumu makubwa. Ina vipande vya mpira vilivyoshikwa na vyuma viwili. Sifa yake ni upole. Hailii soli, haiumizi mguu ukivaa kiatu chepesi, na hata mwenye kanzu anakanyaga bila kuchanika. Aibu yake huonekana ikizeeka. Mistari ya mpira hulika ukabaki laini kama sabuni, na vipande vyenyewe huanza kuzunguka juu ya vyuma vyake. Ukishika mpira kwa vidole ukazunguka peke yake, pedali hiyo imekwisha, hata kama chuma chake bado kinang'aa.

Ya pili ni pedali ya plastiki, inayokuja na baiskeli nyingi za gia za bei nafuu. Ni nyepesi na haishiki kutu. Lakini nyingine ni nyembamba, uso wake ni laini, na plastiki yake hupasuka ikibebeshwa mzigo kila siku. Ukiwa kwenye lami kavu hutaona ubaya wake. Utauona siku ya mvua.

Ya tatu ni pedali ya chuma au alumini yenye meno pembezoni, mfano wa msumeno mdogo. Hii hushika kwelikweli hata kwenye matope, kwa sababu tope hupenya katikati na kudondoka. Bei yake huilipa kwa njia nyingine: meno hayo hula soli za viatu laini, na ikikupiga muundi utaikumbuka. Haifai kabisa kwa ndara.

Ya nne ni pedali pana bapa, ya alumini au ya plastiki ngumu, yenye vichuchu vidogo juu na chini. Upana wake unaupa mguu nafasi, na vichuchu vinashika soli bila kuitafuna sana. Ukiipata, hiyo ndiyo ningemshauri mtu wa kwenda kazini na chuoni kila siku aichukue. Usikose kuangalia kama inatumika pande zote mbili, maana mwenye haraka hana muda wa kutafuta upande wa juu.

Yoyote utakayochagua, ifanyie majaribio mawili pale pale dukani. Izungushe kwa kidole: iende laini, bila kukwaruza. Kisha ishike na kuitikisa huku na huku: ikicheza, gololi za ndani zimelegea au zimelika. Na kama ina vioo vya rangi ya machungwa mbele na nyuma, usiving'oe kwa urembo. Taa ya gari ikivimulika, dereva anaona vidoa viwili vinavyopanda na kushuka, na anajua mara moja kuwa mbele yake kuna mtu. Kule jua likizama giza huingia upesi kama huku kwetu, na njia nyingi hazina taa.

Kiatu cha kuvaa

Kiatu kizuri cha baiskeli ya kila siku hakihitaji kuandikwa baiskeli. Kinahitaji mambo manne.

Soli iwe bapa. Soli yenye kisigino kirefu, au yenye vishimo vikubwa sana, hugusa pedali mahali pachache tu. Soli bapa ya mpira hulalia pedali yote.

Soli iwe ngumu kiasi. Kishike kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kikikunjika kama chapati, ni laini mno. Kiatu cha namna hiyo huacha pedali ichome unyayo mahali pamoja, na baada ya mwendo mrefu utahisi ganzi vidoleni. Kikikataa kukunjika kabisa, utashindwa kutembea nacho.

Kisigino kishikwe. Hili ndilo linaloziondoa ndara kwenye hesabu. Ndara hushikwa na vidole tu, na vidole vikishughulika kuzuia ndara isianguke, haviwezi tena kuusaidia mguu kusukuma. Ndiyo maana utawaona waliozivaa wakikanyaga pedali kwa katikati ya unyayo, au hata kwa kisigino. Sehemu sahihi ni ile pana iliyo nyuma ya vidole. Hiyo ndiyo ikae juu ya ekseli ya pedali, au mbele yake kidogo tu.

La mwisho, pasiwe na kitu kinachoning'inia. Kamba ndefu ya kiatu cha kulia ni rafiki mbaya wa mnyororo. Ifunge kisha uichomeke ndani ya kiatu, au ifunge fundo upande wa nje.

Kwa vipimo hivyo tuviangalie viatu tulivyo navyo. Makubadhi yetu ya ngozi, kwa uzuri wake wote, yana soli ya ngozi inayoteleza ikilowa, na nyuma hayana mkanda. Yaache kwa harusi na Idi. Viatu vya ngozi vya ofisini vina kasoro hiyo hiyo ya soli, basi vitie mfukoni uvivae ukifika. Raba za kitambaa zenye soli bapa, zile za wanafunzi, ni nzuri mno kwa pedali, ila zikilowa hazikauki upesi kwenye baridi ya Kitale, kwa hivyo uwe na jozi ya pili. Akala, viatu vya matairi makuukuu, vimedharauliwa bure. Mpira wa tairi ulitengenezwa kushika barabara, na hushika pedali vile vile. Hakikisha tu mkanda wa nyuma ni imara na misumari haijachomoza.

Gambuti ndizo vazi la kule msimu wa matope, na haziepukiki kwa anayepita mashambani. Lakini gambuti inayomzidi mtu kipimo hupwaya, na mguu ukipwaya ndani, kiatu kikishika pedali hakimsaidii mwenye mguu. Nunua inayokukaa, vaa soksi nene, na kabla hujapanda piga soli kwenye jiwe au mti tope lidondoke.

Kwa Muislamu kuna hesabu moja zaidi. Mtu anayeingia msikitini mara kadhaa kwa siku hapendi viatu vya kamba ndefu za kufungua na kufunga. Viatu vya wazi vya soli ya mpira vyenye mkanda wa kisigino wa kubandika vinatatua shida hiyo: vinavulika upesi, maji ya udhu hayaviharibu, na barabarani havitoki mguuni. Kasoro yao ni kuwa vidole viko wazi, basi usivichanganye na pedali za msumeno.

Vioane

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Usinunue pedali peke yake, wala kiatu peke yake. Jiulize kwanza: siku za kazi, mguuni mwangu huwa na nini? Kisha tafuta pedali inayooana na jibu hilo, si na picha uliyoiona kwenye simu.

Mwenye kuvaa viatu vyepesi vya wazi achukue pedali ya mpira iliyo mpya, na aibadilishe mara tu mistari inapofutika. Mwenye raba za soli bapa achukue pedali pana yenye vichuchu. Mwenye gambuti na njia za matope achukue ya meno, kwa sababu soli nene haitalika upesi na tope halitajaa. Pedali ya plastiki laini na ndara zilizolowa ni jozi ya kukataa kabisa, na kwa bahati mbaya ndiyo jozi inayoonekana zaidi.

Vijana wataniuliza juu ya zile pedali za kunasa kiatu, wanazoziona kwenye mashindano. Nazo zina historia yake. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kufungia viatu vya kutelezea thelujini, ilizitoa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Shimano ya Japani ikaleta za kwake mwaka 1990, ambazo chuma chake kimezama ndani ya soli ili mtu aweze kutembea. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, aliyashinda mashindano hayo mara nne kwa pedali za kunasa.

Ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Lakini mshindani hasimami kushusha abiria, wala hapiti penye ng'ombe. Ili kuutoa mguu ni lazima uzungushe kisigino kuelekea nje, na asiyezoea husahau pale pale anapohitaji kusimama ghafla, akaanguka na baiskeli yake kama mnazi. Tope likijaa kwenye chuma cha soli, kiatu hakinasi au hakinasuki. Na kiatu chake hukitumii kwa jambo jingine. Kwa maisha ya kila siku Kitale na Bungoma, fedha hizo zinunue pedali pana nzuri, raba mbili na taa ya nyuma.

Buibui na kanzu

Dada zetu wanaoendesha wana taabu ya ziada, na si haki kuwaambia waache baiskeli. Pindo la buibui likiingia kwenye mnyororo au kwenye spoki, pedali hukwama ghafla na mtu hutupwa. Dawa ni baiskeli isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko kamili cha mnyororo, na wavu au kinga pembeni ya gurudumu la nyuma. Ndani avae suruali pana, na pindo alikaze kwa kibanio au mpira. Pedali za meno zisimkaribie, maana hunasa kitambaa. Mwenye kanzu afanye hayo hayo: aikunje na kuikaza kiunoni, aishushe akifika.

Kufunga pedali bila kuharibu

Pedali mpya haina haja ya fundi mkubwa, ila ina siri moja. Ya kulia hukazwa kama skrubu ya kawaida, kwa kuzungusha kulia. Ya kushoto hukazwa kinyume, kwa kuzungusha kushoto. Imefanywa hivyo makusudi ili mwendo wa miguu usizifungue. Ndugu Wright wa Marekani, waliokuwa mafundi baiskeli kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, walikuwa miongoni mwa waliotumia uzi huo wa kinyume kwenye baiskeli zao. Tazama mwisho wa ekseli utaona herufi: R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Kwa pande zote mbili, spana ikiwa imesimama wima juu ya ekseli, kuisukuma kuelekea gurudumu la mbele ni kukaza, kuelekea la nyuma ni kulegeza.

Ujue pia kuwa kuna vipimo viwili vya ekseli, nusu inchi na inchi 9/16. Nenda dukani na pedali ya zamani mkononi ulinganishe. Paka grisi kidogo, anza kwa vidole mizunguko mitatu, kisha spana ya milimita 15. Ikikataa kwa vidole usiilazimishe. Utakuwa umeiweka upande usio wake, au imeingia mshazari, na ukilazimisha utaharibu krenki nzima. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, ikaze tena.

Neno kwa wazazi na wafadhili

Familia zetu hujikusuru sana mtoto akienda mbali. Huchanga nauli, godoro, sufuria, blanketi la baridi. Akiomba fedha za baiskeli tunamtumia, na akiipata ya mtumba tunashukuru. Ongezeni kidogo juu yake. Mwambieni abadilishe pedali siku ile ile aliyoinunua, na aonyeshe kiatu anachokwenda nacho. Simu siku hizi zina kamera. Picha ya mguu juu ya pedali inatosha kwa mama aliye Mombasa kujua kama mwanawe yuko salama.

Na nyinyi mnaogawa baiskeli kwa wanafunzi na wahudumu wa afya, iwe ni ofisi ya mwakilishi wodi, jumuiya ya msikiti au kampuni, msihesabu tu idadi ya baiskeli za kupigia picha. Kagueni pedali zake kabla ya kukabidhi. Baiskeli nzima hununuliwa ili mguu usukume, na mguu unaoteleza umeifuta sadaka yenu.

Mvua za Kitale hazitangoji. Kabla ya wiki kwisha, inamia utazame chini ya unyayo wako: mistari ya pedali ipo au imefutika?

Wassalaam.